Mikoko ya Mtungwani

Kijiji cha Ujamaa Mtungwani,
Mtwara.
14 Januari 1973

Kaka Gregory,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Ambrosi ametimiza miaka sita na anaringa kwamba anajua kuogelea, jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya tangu tuumbwe. Bertila anatambaa na kula mchanga.

Umeuliza mume wangu anafanya kazi gani, maana unasikia anaitwa Bwana Nyama na hujaona hata mkia wa swala ukiletwa Newala. Kaka, wanyama wa Edmund ni kaa, kamba na ndege. Mahali hapa palikuwa na kinamasi cha maji chumvi, bahari inaingia mara mbili kwa siku na kutoka, mikoko imesongamana, ndege kama heroe na kulasitara wanatua kwa mamia. Kijiji kilipoanzishwa watu waliambiwa wajenge tuta waizuie bahari, palimwe mpunga. Mikoko ikawa nguzo za nyumba. Mwaka wa kwanza mpunga uliota, wa pili ukageuka mwekundu, wa tatu haukuchomoza. Chumvi ilipanda kutoka chini. Sasa ni uwanja mweupe wenye kutu, na samaki wamehama pamoja na ndege.

Idara ya Wanyama imemtuma Edmund apafufue. Tuta tumelitoboa mwezi wa kumi na moja. Siku maji yalipoingia nililia mbele za watu. Mimi, niliyekuwa nikishuka bondeni na ndoo moja na kuipandisha mlima mzima bila kumwaga tone, nikasimama naangalia maji yote yale yanakuja yenyewe.

Kilichobaki ni kupanda mikoko. Bwana wa mkoa atakuja mwezi wa sita kuhesabu. Asipokuta miti imesimama, tuta litazibwa na habari imekwisha. Watu wa hapa wamechoka na mipango ya serikali, hawatoki. Nakuomba uniletee watu wa kwetu, hata thelathini, kwa wiki mbili. Mbegu yenyewe si punje. Ni kijiti cha kijani, urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja, ukikiona utadhani kipande cha shina la muhogo. Nitawaonyesha mwenyewe namna ya kupanda. Tatizo mbegu zitakuwa chache, maana upande wetu zimekwisha. Zimebaki visiwani, mdomoni mwa Ruvuma, karibu na ng'ambo ya Msumbiji, kwenye vita.

Mama usimwambie hayo ya ng'ambo. Mwambie Pasaka nitakuja.

Mdogo wako,
Leonia


Newala,
2 Februari 1973

Mama Ambrosi,

Marahaba. Barua hii anakuletea Mjomba Anselmo mwenyewe, pamoja na watu thelathini na wawili, majembe yao na unga wao; wataondoka tarehe kumi. Nilidhani atakataa kwa ule mguu wake. Aliposikia ni wewe umeomba, alifunga mzigo kabla sijamaliza kusoma. Unajua anavyokupenda. Tangu Baba afe, wewe ndiye macho yake.

Huku tuko hivyo hivyo. Ndege za Mreno zilipita juu ya shule wiki jana, tukawaingiza watoto kwenye mahandaki. Hakikuanguka kitu, ila mwanafunzi mmoja wa darasa la pili hajarudi shuleni tangu siku hiyo. Mama anakohoa. Anahesabu siku za Pasaka kwa punje za mahindi, na kila jioni anaondoa moja.

Sasa habari ya kupanda. Umeandika mbegu ni chache, nikacheka. Nyie watu wa maji mnataka kutufundisha sisi wa juu kupanda vijiti? Nimemwagiza Mjomba: kila kijiti akate pingili tatu, apige matuta, azilaze mshazari, jicho liangalie juu. Gunia moja litakuwa matatu. Huyo Bwana Nyama wako asiye na nyama amesomea miti miaka miwili, lakini muhogo hajaupanda, ni mtoto wa misheni ya Lulindi, alilelewa kwa uji wa padri. Ukikuta kazi imekwisha, usisahau kusema asante.

Kaka yako,
Gregory


Mtungwani,
27 Februari 1973

Shemeji Gregory,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mjomba na watu wake walifika na wamefanya kazi kwa moyo. Kwa bahati mbaya mimi nilikuwa safarini kikazi, nimerudi jana nikakuta wanafunga mizigo.

Mama Ambrosi hakuonana nao. Alipatwa na homa na amelazwa hospitali, Mtwara. Msiwe na wasiwasi. Watoto wako kwa jirani yetu, Bi Stamili.

Shemeji yako,
Edmund


Newala,
18 Machi 1973

Shemeji Edmund,

Marahaba. Barua yako ni fupi kama taarifa ya mkaguzi. Kwani huko karatasi zimekwisha?

Mjomba amerudi na sasa hakai chini. Kila anayepita anaitwa aje asikie habari za matope ya Mtungwani. Anasema walikuta magunia matano ya vijiti uani kwako, mwenyekiti wa kijiji akawaambia haya ndiyo ya kupandwa, basi wakakata na kupanda, matuta mia mbili, yamenyooka kama ya bustani ya misheni. Watu wa pwani walikuwa wakiwaangalia kwa mbali bila kusema kitu. Mjomba anasema waliona aibu. Hata mimi naringa kidogo, kwa kuwa hesabu ya pingili ilikuwa yangu.

Lakini lipo lililomsumbua. Anasema Ambrosi alikuja akakaa karibu naye siku nzima bila kusema neno. Na alipomuuliza huyo Bi Stamili hospitali gani, ugonjwa gani, yule mama aliingia ndani hakutoka tena. Sisi ni watu wa kuambiana, Shemeji. Kama ni mimba imeharibika, sema. Kama mmegombana, sema pia, nitapanda basi nije niamue.

Mama amelala, haamki tena kitandani. Amesema hataki kuoshwa na mkono mwingine isipokuwa wa Leonia. Unajua kwetu mzazi akisema hivyo amekwisha sema. Mlete kabla ya Pasaka, hata kama ni kwa machela.

Gregory


Mtungwani,
9 Aprili 1973

Shemeji,

Shikamoo. Hatujagombana. Daktari hajamruhusu kusafiri kwa basi. Anaendelea vizuri, ila taratibu.

Nimemfikishia maneno ya Mama. Amesema Mama amngoje. Amesema atakuja.

Edmund


Newala,
30 Mei 1973

Leonia,

Sikuanza kwa salamu kwa sababu sina.

Mama alikungoja. Nilimsomea barua ya mumeo, pale uliposema akungoje, akaniomba nimsomee tena. Pasaka ikapita. Akakataa uji ili, alivyosema, tumbo lisimharakishe kwenda. Sikuelewa maana yake, wala sikuuliza. Alikuwa anageuza uso kila basi la Mtwara lilipolia barabarani, na mimi nikawa natoka nje kuangalia, nikirudi anajua kabla sijasema. Amekufa tarehe tatu ya mwezi huu. Tulimweka siku moja na nusu tukikungoja wewe. Joto likatulazimisha. Aliyemwosha ni Magdalena, jirani, aliyemwomba radhi kabla ya kugusa maji kwa kuwa alijua siye aliyetajwa.

Nilipeleka simu ya maandishi Mtwara. Nimejibiwa hospitalini hakuna mtu wa jina lako, wala hakuwepo mwezi wa pili. Kwa hiyo hukuwa mgonjwa. Ulikuwa huko na ndege zako na maji yako. Sijui ni mwanamume gani au anasa gani iliyokufanya umwambie mama yako mzazi akungoje kisha usitokee.

Ukoo umekaa. Mjomba Anselmo hakutaka kusema, nimesema mimi. Nyumba hii usiikanyage. Ukifa, wakuzike hao uliowachagua.

Gregory


Mtungwani,
16 Juni 1973

Shemeji Gregory,

Barua yako kwa Leonia nimeifungua mimi. Nimezifungua zote tangu ile ya tarehe mbili Februari. Hakuna hata moja iliyomfikia.

Leonia hayupo. Tarehe nane Februari alivuka kwa mtumbwi kwenda visiwani kutafuta mbegu, yeye, Bi Stamili na mwanamke mwingine wa hapa. Wakajaza magunia matano. Maji yalipoanza kupwa, risasi zikalia kutoka mikokoni, hakuna anayejua ni za nani. Mtumbwi ulikuwa umekwama kwenye matope kwa uzito. Stamili anasema Leonia ndiye aliyeshuka, akausukuma mpaka ukaelea, na alipotaka kupanda miguu yake ikawa imezama mpaka magotini. Akawaambia, "Nendeni, nitatoka mwenyewe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu ameyasikia. Walipogeuka kwenye kona ya mto walikuwa bado wanamwona. Baadaye hawakumwona.

Siku ya pili nilimwagiza Stamili aseme Leonia yuko hospitali, nikaondoka kumtafuta. Nilikwenda kwa wanajeshi wetu, nikaenda kwa wapigania uhuru, nikaandika majina, nikangoja kwenye mabenchi. Mara tatu nimevuka na wavuvi wenye roho. Tumekuta kanga yake, ile ya kijani, haina damu. Ndiyo maana sikuandika. Kanga isiyo na damu ilinifanya niseme kesho atakuja, nitamwandikia Shemeji habari njema. Nilisema hivyo siku mia moja na zaidi.

Niliposoma kwamba Mama anamhitaji, sikuweza kuandika kwamba binti yake amepotea, mtu yuko kitandani anakufa. Nikaandika amngoje. Nilidhani namwongezea siku za kuishi. Ulivyoeleza zile siku alivyoziishi, nimejua nilichokifanya.

Lipo jingine, na ukilisikia utajua namna ya kunihukumu. Aliyetakiwa kuvuka ni mimi. Nilimtuma yeye. Nilijiambia mwanamume akionekana ng'ambo anapigwa risasi, lakini wanawake huulizwa tu na kurudishwa. Nililisema hilo mezani, tunakula, na yeye akakubali kwa sababu lilikuwa na akili. Lakini mimi najua nilipolisema nilikuwa naogopa. Akili niliitafuta baadaye.

Usimlaani. Laana yote iwe yangu.

Edmund


Newala,
8 Julai 1973

Edmund,

Nilikwenda mpaka kituo cha basi mara mbili na panga ndani ya mkoba wa madaftari. Mara ya kwanza basi halikuja. Mara ya pili lilikuja nikaliangalia likiondoka. Mimi ni mwalimu, sijui hata namna ya kushika panga mbele ya mtu.

Nilimtamkia dada yangu maneno yale akiwa amekwisha kufa kwenye matope. Nimeyafuta mbele ya ukoo, nimemwaga unga wa tambiko, nimeomba radhi kwa sauti mbele ya watoto wadogo. Lakini yalikwisha semwa. Naingia darasani naandika tarehe ubaoni, kisha nasahau nilitaka kufundisha nini.

Sasa sikiliza, na usijibu kwa moyo laini. Watoto ni wa kwetu, wa ukoo wa mama yao, unalijua hilo. Mimi ndiye mjomba wao, walete. Sitawafundisha kukuchukia, sina nguvu hiyo.

La pili ni matanga. Mwili haupo, hatuna pa kukaa, na mtu wetu hawezi kuachwa hivyo hivyo kama kuku aliyepotea. Mjomba Anselmo hakula siku nne. Siku ya tano alisema, "Zile mbegu alizofia nilizipanda mimi. Twende tukakae kwenye miti yake." Ukoo mzima umekubali. Tutakuja tukae hapo siku tatu, wanawake watalia, tutanyoa, kisha turudi. Tangu aliposema hayo ameanza kula tena. Anauliza miti ya maji chumvi hukua haraka kama mikorosho au taratibu.

Niandikie imefika kimo gani. Na umeniongopea vya kutosha, Edmund. Umeniongopea kwa huruma, na huruma hiyo ikamla mama yangu. Usiniongopee tena hata kwa neno moja.

Gregory


Mtungwani,
29 Julai 1973

Shemeji,

Watoto wanakuja na barua hii. Bi Stamili anawaleta mpaka mlangoni kwako. Bertila hataki kulala bila kushikwa sikio, usimkatalie. Ambrosi ameanza kusema, lakini hasemi habari za maji.

Umenitaka nisikuongopee. Nimekaa na karatasi hii wiki nzima.

Hakuna mti hata mmoja.

Mbegu ya mkoko siyo kama shina la muhogo. Kile kijiti huota kikiwa bado juu ya mti. Kikianguka ni mtoto mzima, kichwani kina kichipukizi kimoja na ncha ya chini ndiyo mzizi. Hakina jicho jingine. Unakisimamisha kwenye matope na kukiacha. Kikikatwa kimekufa, vipande vyote vitatu. Niliporudi tarehe ishirini na sita nilikuta kazi imekwisha. Nilizunguka tuta kwa tuta nikitafuta kimoja walichosahau kukata. Mjomba alikuwa ananifuata nyuma, mguu unamuuma, akaniuliza, "Bwana Nyama, umeridhika?" Nikamwambia nimeridhika.

Watu wa pwani hawakuona aibu, Shemeji. Tangu siku ya risasi walikuwa wanaogopa kuyakaribia matope, na wengine walidhani ni amri yangu. Mtu aliyetakiwa kuwaonyesha ndiye hakuwepo, na mimi niliyebaki nilikuwa kwenye mabenchi ya maofisi. Sikukuambia wakati ule kwa kuwa wewe ndiye uliyeagiza. Nilitaka nibaki nalo mwenyewe. Hata sasa nisingeandika kama usingeniapisha.

Bwana wa mkoa alikuja mwezi uliopita. Alihesabu kwa kuangalia tu kutoka juu ya tuta, akaandika mstari mmoja. Wiki ijayo wanaziba tobo. Safari hii watajaribu mashamba ya chumvi. Maji yalikuwa yameanza kuleta vijisamaki, na asubuhi moja nilikuta kulasitara wanne wamesimama katikati ya matuta ya Mjomba. Nimewaambia Idara kuhusu hao wanne. Hawajajibu.

Msije. Mkija mtakuta matuta yaliyolowa na vipande vyeusi. Sijui nikuombeje msamaha kwa kukueleza hili, maana ndilo ulilolitaka.

Edmund


Newala,
17 Agosti 1973

Edmund,

Watoto wamefika salama. Bertila analala na mkono wa mke wangu sikioni. Ambrosi nimemwandikisha darasa la kwanza, anaandika vizuri kwa mkono wa kushoto kama mama yake.

Barua yako niliisoma chini ya mkorosho, nyuma ya shule, kisha nikaisoma tena. Pingili tatu. Niliona ni jambo la kuchekesha, na niliandika hivyo, nakumbuka hata kalamu niliyotumia. 

Nilipofika nyumbani Mjomba alikuwa amekaa mlangoni. Aliiona bahasha. Akauliza miti imefika wapi. Yeye ndiye aliyetulea, na ndiye aliyezikata mbegu zile kwa kisu chake mwenyewe, siku tisa, na mguu ule. Nilifungua mdomo nimwambie kweli, kama nilivyokudai wewe. Nikamwambia imefika magotini.

Alilia kwa furaha, Edmund. Kisha akatoka kwenda kuwaambia watu. Sasa kila jioni ananiita nimsomee barua yako, na mimi nakaa mbele yake na karatasi hiyo mkononi nikisoma maneno ambayo hayapo. Jana nimesoma kwamba ndege wameanza kujenga viota.

Wanataka kuja kabla korosho hazijaanza kuanguka, watu arobaini safari hii, na wanawake wote wa ukoo. Siwezi kuwazuia kwa kinywa changu, watanitambua. Andika wewe. Sema vita imesogea, sema barabara imefungwa, sema kipindupindu, chochote. Wewe umekwisha zoea kuandika barua za namna hiyo, na sisi tumekwisha zoea kuziamini. Weka na habari kidogo za miti.

Fanya haraka. Wameanza kutwanga unga wa safari, naisikia michi wakati nikikuandikia.

Shemeji yako,
Gregory